Koo achanjwa, kifaranga anenepe: Sayansi ya misuli ya kuku na maana yake kwa wafugaji wa Kibera na Kawangware

KUKU anapotaga yai, hamwachii mwanawe chakula pekee. Ndani ya kile kiini cha manjano mna pia sehemu ya kinga ambayo mama mwenyewe aliijenga mwilini kwa kuugua au kwa kuchanjwa, na kifaranga huanza maisha akiwa na silaha ambazo hakuzitengeneza yeye. Jambo hili lajulikana tangu zamani. Mnamo 1893, mtafiti Mjerumani Felix Klemperer alionyesha kwamba kuku waliochanjwa dhidi ya pepopunda hutaga mayai ambayo viini vyake vyaweza kuwakinga panya na maradhi hayo.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, watafiti waliigeuza hoja hiyo upande wa pili. Iwapo koo, yaani kuku jike anayetaga, aweza kuchanjwa ili mwanawe asiugue, je, hawezi kuchanjwa ili mwanawe awe na kidari kinene zaidi? Swali hilo laweza kumchekesha msomaji, lakini limefanyiwa majaribio katika maabara za vyuo vikuu na matokeo yake kuchapishwa katika majarida ya kisayansi.

Makala haya yanaeleza jinsi sayansi hiyo inavyofanya kazi na ilikofikia. Yanaeleza pia inamhusu vipi mtu anayefuga kuku kumi nyuma ya nyumba ya mabati kule Laini Saba au Gatina, kwa maana huyo naye ana koo, ana mayai, na kila anapomlaza koo juu ya mayai hayo huwa anacheza kamari na maradhi.

HATAMU YA MISULI

Mwili wa mnyama hauiachi misuli ikue ovyo. Kuna protini iitwayo mayostatini ambayo kazi yake ni kuishika misuli hatamu isikue kupita kiasi. Iligunduliwa na watafiti Alexandra McPherron, Ann Lawler na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, na habari zake zikachapishwa katika jarida la Nature mnamo Mei 1997. Watafiti hao waliiondoa jeni ya protini hiyo katika panya wa maabara. Panya waliozaliwa bila jeni hiyo walikuwa na misuli mikubwa mara mbili hadi tatu ya wenzao.

Mwaka huo huo ilibainika kwamba ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue, wale wenye mapaja na mabega yaliyotuna kama ya mnyanyua vyuma, wana kasoro katika jeni iyo hiyo. Wafugaji wa Ubelgiji walikuwa wakiwachagua na kuwazalisha kwa miaka mingi pasipo kujua kwamba walichokuwa wakichagua ni hatamu iliyokatika. Nao wameilipia neema hiyo: ndama wa aina hii ni wakubwa mno, hivi kwamba wengi wao huzaliwa kwa upasuaji.

Kwa upande wa kuku kuna jambo ambalo ni lazima lieleweke kabla ya kuendelea. Idadi ya nyuzi za misuli katika kidari na mapaja ya kuku huwa imeshaamuliwa kabla hajaanguliwa. Baada ya kutoka katika ganda, nyuzi hizo hunenepa na kurefuka, lakini hesabu yake haiongezeki kwa kiasi cha maana. Mfugaji atakayempa kifaranga lishe bora kuliko zote duniani atakuwa ananenepesha nyuzi alizozaliwa nazo.

Kwa hiyo anayetaka kuilegeza hatamu ya mayostatini mapema anapaswa kulifanya hilo katika zile siku 21 za yai kuatamiwa, ama katika koo la mashine ama chini ya kuku mwenyewe. Zipo njia mbili za kuingia ndani ya yai. Ya kwanza ni sindano kupitia ganda. Ya pili ni mama.

NJIA YA KIINI

Koo akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani zile chembe za protini zinazokitambua kitu kigeni na kukinasa. Kingamwili hizo huzunguka katika damu. Viini vya mayai vinapokua kwa kasi katika siku za mwisho kabla ya yai kutagwa, kingamwili huvutwa kutoka katika damu na kulundikwa ndani yake. Ndiyo sababu huchukua takriban wiki moja tangu kinga ionekane katika damu ya koo hadi ionekane katika mayai yake. Kiini kimoja kikubwa chaweza kubeba kiasi cha miligramu 100 za kingamwili.

Kifaranga naye huzivuta kingamwili kutoka katika kiini na kuziingiza katika damu yake. Huvuta kidogo kidogo katika wiki ya pili ya kuatamiwa, kisha kwa wingi sana katika siku tatu za mwisho kabla ya kuanguliwa. Baada ya hapo hazina hiyo huanza kupungua. Kinga ya mama dhidi ya ugonjwa wa kideri, mathalani, hupungua kwa nusu katika kila siku nne au tano hivi, na baada ya wiki tatu hadi nne huwa imekwisha au imebakia ya kuhesabiwa tu.

Sasa, kumchanja koo dhidi ya mayostatini kuna ugumu wa aina yake. Mayostatini si kijidudu kilichotoka nje. Ni protini ya kuku mwenyewe, na umbo lake lililokomaa linafanana kabisa katika kuku, bata mzinga, nguruwe, panya na binadamu. Mwili umefunzwa usishambulie kilicho chake. Ili kuudanganya, watafiti huibebesha mayostatini, au kipande chake, juu ya protini ngeni, kisha huuchanganya mzigo huo na dawa ya kuichochea kinga. Ni kama kumvika mwenyeji kanzu ya mgeni ili bawabu amkamate mlangoni. Hila hiyo ikifaulu, koo hutengeneza kingamwili dhidi ya mayostatini, huzitia katika kiini, na kifaranga huzipokea kama anavyozipokea zile za maradhi.

JARIBIO LA HAWAII

Kazi inayojulikana zaidi katika uwanja huu ilifanywa katika Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya mtafiti Yong Soo Kim na wenzake, katikati ya miaka ya 2000. Mnamo 2006 walichapisha katika jarida la Poultry Science matokeo ya kudunga kingamwili za mayostatini moja kwa moja ndani ya mayai ya kuku wa nyama. Kuku waliotokana na mayai yaliyodungwa katika kiini walikuwa na uzani mkubwa na misuli mingi kuliko wenzao ambao hawakudungwa. Kundi hilo hilo la watafiti liliendelea na njia ya mama pia.

Msomaji aliyekwisha kumwona panya wa Baltimore au ng'ombe wa Ubelgiji pichani atatarajia kuku mwenye kidari cha ajabu. Hakupatikana. Nyongeza iliyoonekana katika mayai yaliyodungwa ilikuwa ya asilimia chache tu, haikukaribia hata kumi.

Yumkini sababu mojawapo iko katika ratiba ile ile niliyoitaja. Nyuzi za misuli hujengwa hasa kuanzia wiki ya kwanza hadi wiki ya pili na kidogo baadaye, ilhali shehena kubwa ya kingamwili za mama huingia katika damu ya kifaranga karibu na mwisho, wakati kazi ya ujenzi imeshakwisha. Tena, kulegeza hatamu kwa siku kadhaa si sawa na kuikata kabisa kama ilivyo kwa Belgian Blue. Mnyama aliyezaliwa bila mayostatini anaishi bila hiyo maisha yake yote. Kifaranga wa koo aliyechanjwa hupewa likizo fupi.

Kwa kampuni inayochinja mamilioni ya kuku kwa mwaka, asilimia chache ni tani nyingi za nyama, na ndiyo maana utafiti wa aina hii ulipata watu wa kuushughulikia. Hata hivyo, hadi leo huwezi kuingia katika duka la dawa za mifugo hapa Nairobi ukauziwa chanjo ya kukuza misuli ya vifaranga. Anayekuambia anayo, muulize imesajiliwa wapi.

HESABU YA KUKU KUMI

Tuilete hesabu hiyo mtaani. Chukua mfugaji wa Kibera mwenye kuku kumi wa kuuza, kila mmoja akiwa na kilo mbili. Hizo ni kilo 20. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba chanjo ya misuli imepatikana na imemwongezea asilimia tano. Atapata kilo moja zaidi. Kuku mmoja akifa kwa kideri, amepoteza kilo mbili. Faida yote ya sayansi imeondoka mara mbili. Na kideri, msomaji, hakiui kuku mmoja. Kikiingia katika kundi lisilochanjwa chaweza kulifagia lote kwa siku chache.

Kibera na Kawangware ni mitaa miwili yenye historia tofauti. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi waliotumikia jeshi la Uingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kawangware, upande wa magharibi mwa jiji, ni eneo la Dagoretti, na wenyeji wengi hulihusisha jina hilo na ngware, yule ndege wa porini ambaye Waswahili humwita kwale. Ajabu ni kwamba mtaa uliopewa jina la ndege leo una ndege wa kufugwa kila kona.

Kuku wa mitaa hii ni wa aina mbili. Kuna kuku wa gredi, ambao hununuliwa wakiwa vifaranga wa siku moja kutoka kwa watotoleshaji wakubwa, hufungiwa katika vyumba vidogo, hulishwa unga wa kununua na huuzwa baada ya wiki tano au sita. Kuna na kuku wa kienyeji, ambao hutolewa nje asubuhi, huzurura vichochoroni na kando ya reli wakichakura jaani na mitaroni, na hurudi jioni kulala jikoni au chini ya kitanda. Wa kwanza ni biashara ya hesabu za kila siku. Wa pili ni akiba. Huuzwa karo inapodaiwa, mgonjwa anapolazwa, au Krismasi na Idi zinapokaribia na bei kupanda.

Kwa kuku wa kienyeji, chanjo ya misuli isingekuwa na maana kubwa hata kama ingegawiwa bure. Misuli hujengwa kwa protini, na protini hutoka katika chakula. Kuku anayeishi kwa maganda ya ndizi, makombo ya ugali na wadudu wa jaani hana cha kujengea nyuzi za ziada. Hatamu imelegezwa, lakini farasi hana nyasi. Hata kwa kuku wa gredi, chakula ndicho hula sehemu kubwa zaidi ya gharama za mfugaji, na kuku mwenye misuli zaidi atadai chakula bora zaidi.

UVUMI WA SINDANO

Hapa ni lazima nigusie mazungumzo ambayo hayakosi kuzuka mahali popote Nairobi panapoliwa kuku. Watu wengi wanaamini kwamba kuku wa gredi hukua haraka kwa sababu amedungwa homoni. Habari za koo kuchanjwa ili vifaranga wanenepe zaweza kuupa uvumi huo mbawa mpya, ilhali mambo haya mawili hayahusiani.

Kuku wa gredi hukua haraka kwa sababu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi. Mnamo 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililo rahisi kueleweka. Walichukua kuku wa ukoo uliohifadhiwa tangu 1957, wengine wa ukoo wa 1978, na wengine wa aina iliyokuwa sokoni 2005, wakawalisha chakula kile kile. Katika siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na uzani wa gramu 905, yule wa 1978 gramu 1,808, na yule wa 2005 gramu 4,202. Hakuna aliyedungwa homoni. Uteuzi wa wazazi peke yake ulikuwa umezidisha uzani zaidi ya mara nne katika miaka isiyofika 50.

Na kasi hiyo ina dosari zake. Kuku wa kisasa huweza kulemewa na uzani wake hadi miguu ikapinda, na moyo wake hufanya kazi ya ziada. Tangu miaka ya 2010, viwanda vya nyama katika nchi nyingi vimekuwa vikisumbuliwa na vidari vilivyokakamaa kama ubao, kasoro inayohusishwa na ukuaji wa haraka. Kumwongezea kuku wa aina hii misuli zaidi, kwa sindano ya mama au kwa njia nyingine, ni kumtwika mzigo juu ya mzigo. Kwa maoni yangu hili lilistahili kupewa uzito zaidi katika mijadala ya kisayansi kuliko ulivyopewa uzani wa kidari.

Hofu ya walaji, hata hivyo, si upuuzi mtupu. Nchini Uganda mnamo 2023, mamlaka ya kudhibiti dawa ilikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba baadhi ya wafugaji walikuwa wakiwapa nguruwe na kuku dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ili wanenepe na wasiugue. Hilo ni jambo la hatari kweli kweli, kwa wanaokula nyama hiyo na kwa wagonjwa wanaozitegemea dawa hizo. Vilevile matumizi ovyo ya viuavijasumu katika mabanda ya kuku hujenga vijidudu sugu. Mlaji wa Kawangware anayetaka kuuliza swali la maana kwa muuzaji, aulize kuhusu dawa kuku alizopewa na muda uliopita kabla ya kuchinjwa, aachane na homoni.

CHANJO ILIYOPO

Njia ya kiini, ile iliyojaribiwa Hawaii kwa ajili ya misuli, hutumiwa kila siku kwa ajili ya uhai. Katika ufugaji mkubwa wa kuku duniani, makoo wazazi huchanjwa kwa makusudi dhidi ya maradhi kama kideri na gumboro ili vifaranga watoke katika mashine wakiwa na kinga ya siku za kwanza. Mfugaji wa Kibera anayenunua vifaranga wa siku moja waliotokana na wazazi kama hao huwa ameuziwa, pamoja na kifaranga, kazi ya sindano aliyodungwa mama.

Mfugaji wa kienyeji hana mtotoleshaji wa kumfanyia kazi hiyo. Koo wake asipochanjwa wala kuugua akapona, vifaranga wake hutoka mikono mitupu.

Kideri si mgeni nchini. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na kufikia 1935 ulikuwa umeripotiwa Mombasa. Chanjo zake zipo, na hapa Kenya hutengenezwa na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Tatizo la mitaa ya mabanda limekuwa jingine. Chanjo nyingi huhitaji baridi kutoka kiwandani hadi kwenye jicho la kuku, na chumba kisicho na friji wala umeme wa uhakika hakiwezi kuitunza. Pili, chupa huwa na dozi mia moja au zaidi, ilhali mwenye kuku ana kuku wanane. Anunue dozi mia ili atumie nane?

Kuhusu joto, jibu limepatikana. Mtafiti Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliongoza kazi ya kutengeneza chanjo ya kideri iitwayo I-2, ambayo ikiwa imekaushwa huvumilia joto kuliko zile za kawaida. Tanzania ilianza kuitengeneza Temeke, Dar es Salaam, na ikajulikana kwa wafugaji wa huko kama Temevac. Imetumika pia sana Msumbiji. Hutiwa tone moja katika jicho la kuku, hurudiwa kila baada ya miezi minne, na mtu yeyote aliyeonyeshwa mara moja aweza kuitia bila kuhitaji sindano.

Kuhusu ukubwa wa chupa, dawa yake ni ujirani. Wafugaji kumi wa mtaa mmoja wakichanga, chupa moja huwatosha, gharama ya kila kuku huwa ndogo, na kuna faida nyingine inayosahaulika: kuku wa vichochoroni hawana mipaka, kwa hiyo kuku wa jirani asiyechanjwa hubaki kuwa mlango wa ugonjwa. Tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, kinyume na enzi za askari wa jiji waliowaona wafugaji wa mitaani kama wahalifu. Mfugaji hana tena sababu ya kumficha afisa wa mifugo kuku wake.

Wala wataalamu hawako mbali. Ukitoka Kawangware na kuifuata barabara ya Naivasha unafika Uthiru na Kabete, ambako ziko maabara za mifugo za serikali, kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi na taasisi ya kimataifa ya ILRI. Humu nchini ndimo Eustace Montgomery alimoueleza ulimwengu kwa mara ya kwanza, 1921, juu ya homa ya nguruwe ya Afrika. Nauli ya matatu kutoka mtaani hadi huko haifiki bei ya kuku mmoja.

Anayetaka kuku wazito nao wasio wa gredi anayo njia ya uzao. Taasisi ya utafiti iliyojulikana zamani kama KARI, ambayo sasa ni KALRO, ilizalisha kienyeji aliyeboreshwa katika kituo chake cha Naivasha, na nchini Tanzania aina kama Sasso na Kuroiler zimejaribiwa katika mradi ulioongozwa na ILRI. Hao hukua haraka kuliko kienyeji wa kawaida na bado huweza kuzurura, ingawa wengi wao si hodari wa kuatamia, na mfugaji hujikuta akirudi kununua vifaranga.

RATIBA YA KOO

Kwa anayemlaza koo wake mwenyewe, ratiba ni hii. Koo achanjwe dhidi ya kideri takriban mwezi mmoja kabla ya mayai ya kuatamiwa kuanza kukusanywa, ili damu yake ipate muda wa kutengeneza kinga na kiini kipate muda wa kuipokea. Akichanjwa siku anayolala juu ya mayai, amechelewa: mayai hayo yalishafungwa na kinga mpya haiwezi kuingia.

Vifaranga wa koo aliyechanjwa wasiharakishwe kupewa chanjo siku ya kwanza kwa dhana kwamba mapema ni bora. Kingamwili za mama zilizomo katika damu yao huweza kuinasa chanjo yenyewe kabla haijafanya kazi, na mfugaji akadhani amewakinga ilhali amepoteza dozi. Kwa kawaida dozi ya kwanza ya kideri hutolewa baada ya wiki moja hivi, ile ya gumboro kwenye wiki ya pili, kisha zote hurudiwa. Tarehe kamili hutegemea aina ya chanjo na maelezo ya daktari wa mifugo, nayo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa au karatasi inayoandamana nayo. Kuku anayeonekana mgonjwa asichanjwe. Chupa ikishachanganywa na maji yake, iwekwe kivulini, ipitishwe nyumba hadi nyumba asubuhi au jioni kuku wakiwa ndani, na itumiwe yote siku hiyo hiyo.